Komeo la Mwaloni: Maisha ya Walenty Pakosz wa Olszyniec

Baba Paroko, Bwana Meya, ndugu wa Chama cha Lango mliokuja na deraya zenu ingawa familia iliomba mje na makoti, majirani, na ninyi wengine tunaowaona mmesimama karibu na mlango ili muwahi supu, familia imempa Roch Maliszek, shemeji wa marehemu, kazi ya kuyasoma maisha haya, kwanza kwa kuwa sauti yake inafika mpaka barabarani bila kipaza sauti, na pili kwa kuwa mjane, Otylia, ambaye ni dada yake, amesema akiachiwa mtu mwingine yatasomwa yale tu ambayo mji unapenda kuyasikia.

Marehemu Walenty Pakosz alizaliwa hapa Olszyniec siku ya Ijumaa, tarehe 14 Februari 1958, katika nyumba iliyo chini ya kinu cha zamani, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Feliks Pakosz, fundi wa mabomba, na mama Salomea, na mkunga aliyempokea alikuwa akisimulia mpaka uzeeni kwamba alipomgeuza mtoto amtazame alikuta mtoto ameshamtazama yeye, jicho moja limefumba nusu, kama mtu anayetaka kuuliza wewe nani na nani amekutuma, na jicho hilo marehemu hakulifumbua sawasawa maisha yake yote.

Hapa lazima isemwe, kwa ajili ya wageni mliotoka mbali, kwamba kuzaliwa Pakosz katika mji huu si sawa na kuzaliwa Zaremba au kuzaliwa Maliszek, kwa sababu mwaka 1414, kiangazi kile cha njaa ambapo mfalme na Watawa wa Msalaba, wale watawa wapiganaji wa Kijerumani, walichomeana mashamba mpaka watu wakala magome, Watawa waliuzingira mji wetu, na hadithi inasema kwamba msaga unga mmoja, jina lake Pakosz, alishuka langoni peke yake, akatoa komeo, akawaingiza, na tangu hapo, miaka mia sita na kitu, hakuna Pakosz aliyewahi kushikishwa ufunguo wa mtu yeyote hapa Olszyniec. Hakuna sheria iliyoandikwa, na ukimuuliza mtu atakuapia kwamba hajawahi kusikia jambo kama hilo, lakini jirani akisafiri kwenda kwa dada yake na maua yake yanahitaji maji, ufunguo utapita mbele ya nyumba ya Pakosz, utavuka barabara, utapanda mlima, utaachwa kwa mlevi.

Marehemu alianza shule ya msingi tarehe 1 Septemba 1965 na kumaliza Juni 1973, na katika miaka yote hiyo watoto walipokezana zamu ya kushika ufunguo wa kabati la chaki, dawati kwa dawati, na ulipofika kwa Walenty mwalimu alikuwa akisema kwa upole kabisa, “Walenty, wewe mwanangu utafuta ubao,” basi akafuta ubao miaka minane, akatoka na bega moja nene kuliko jingine. Baadaye alijiunga na shule ya ufundi wa magari katika mji wa jirani ambako jina lake halikumtisha mtu, na wiki ya kwanza tu wakampa ufunguo wa karakana, naye akaurudisha siku ileile kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu alikuwa na hakika kuna kitu kimeshaibwa mle ndani na wanatafuta wa kumkuta nao. Alihitimu mwezi Juni 1977.

Alitumikia jeshi kuanzia Aprili 1978 hadi Aprili 1980, akaendesha mabasi ya wilaya kwa miaka sita, na tarehe 3 Machi 1986 akaajiriwa kuwa mwalimu wa udereva, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu Februari mwaka huu, na nusu ya waliomo humu kanisani mmejifunzia kwake, mguu wake ukiwa juu ya breki ya pili hata gari lilipokuwa limeegeshwa, na bila shaka mnakumbuka alivyokuwa akiwauliza, “Yule bibi pale kando ya barabara anangoja nini?” nanyi mkajibu, “Amesimama tu, mwalimu,” naye akawaambia, “Hakuna anayesimama tu, kijana, punguza mwendo.” Wanafunzi wake walifeli kwa kuchelewa, kwa kusita, kwa kusimama kwenye taa ya kijani wakiishuku, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumgonga mtu, na hilo walimu wengine wa udereva waliohudhuria hapa leo wasingependa tuliseme kwa sauti.

Ndoa yake na Otylia Maliszek ilifungwa katika kanisa hilihili siku ya Jumamosi, tarehe 22 Septemba 1984, na ukoo wa Maliszek hauhitaji kutambulishwa, ni ukoo wa migongo imara, wa meno yasiyong'oka na wa samaki wa kukausha kwa moshi ambao askofu mwenyewe aliwahi kuomba kipande cha pili. Mzee Maliszek, baba mkwe, aliwapa maharusi chumba cha juu, chumba kizuri chenye dirisha la upande wa mto, ila ufunguo wake akabaki nao mfukoni, akisema, “Si kwamba sikuamini, mkwe wangu, ni kwamba ufunguo huu umeuzoea mfuko wangu,” na marehemu hakubishana naye, alichukua bisibisi, akaung'oa mlango wote, akauegemeza ukutani barazani, na wakaishi hivyo bila mlango mpaka walipohamia nyumba yao wenyewe, na kwamba Dobrawa alipatikana katika kipindi hicho ni kazi ya Mungu na ya pazia zito.

Walijaliwa watoto wawili, Dobrawa, aliyezaliwa tarehe 17 Mei 1986, ambaye leo ni daktari wa mifugo na ng'ombe wenu wote wanamfahamu, na Ignacy, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1989, ambaye yuko kwenye meli za samaki huko Norwei na amefika jana.

Sasa, mwaka 1996 Hipolit Zaremba, mwokaji wetu wa mikate, aliyeketi pale mbele na ambaye familia inamwona, alianzisha Chama cha Lango, ili kila Jumamosi ya pili ya Agosti mji ucheze kuanguka kwake mwenyewe, watu wavae kama wa zamani, wale walichokula wa zamani, wapigane langoni wageni wakitazama, na ili asionewe mtu ikakubaliwa kwamba atakayecheza msaliti atapatikana kwa kura itakayochukuliwa ndani ya kofia ya chuma. Mwaka wa kwanza kura ilimwangukia mzee Feliks Pakosz, na watu wakamtupia mashalghamu, ile mizizi ya kupikwa yenye ugumu wa ngumi, mpaka akapoteza miwani, na ilipoangukia tena kwa kaka mkubwa wa marehemu mwaka uliofuata, na ikaangukia kwa Pakosz mwingine mwaka wa tatu, Hipolit alicheka na kusema kofia ile ina akili zake. Jioni ya mchezo ule wa kwanza Dobrawa, akiwa na miaka kumi, alirudi nyumbani kutoka kwa rafiki yake ambaye mama yake alikuwa amemkatalia ufunguo wa kwenda kumlisha paka, akasimama jikoni na viatu miguuni, akauliza, “Baba, sisi tulifungua nini?”

Otylia anasema marehemu hakumaliza sahani yake ya kabichi, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na tangu siku hiyo alitaka mambo mawili hapa duniani, kwanza kujua kama ni kweli, na pili, iwe kweli au uongo, mtoto wake ashikishwe ufunguo na mji huu kabla yeye hajawekwa kaburini.

Alijiunga na Chama cha Lango mwaka 1999, na waliodhani amekubali yaishe hawakumjua, kwani alimwambia Otylia, “Nataka niwaone kwa karibu wanavyodanganya,” na kwa sababu hakuna aliyekuwa na jicho kama lake walimfanya mkaguzi wa kambi, yule anayesimama mlangoni asubuhi ya mchezo na kuhakikisha hakuna kitu cha leo kinachoingia na mtu katika Enzi za Kati. Ndugu waombolezaji, alikuwa tishio, alikamata zipu chini ya kanzu ya mtawa, alikamata soli za mpira, alikamata mshono wa mashine kwa kuupitishia kidole huku macho yake yakiangalia kwingine, alimvua mke wa meya wa wakati huo hereni za dukani, na mwaka mmoja alimwaga chungu kizima cha supu kwa sababu aliona kiazi, akipiga kelele, “Kiazi bado hakijavuka bahari! Nani ameleta kiazi?” mpaka wapiganaji wa pande zote mbili wakala mkate mkavu kwa amani, wameunganishwa na chuki yao kwake.

Mwaka 2018 walikuja wageni kutoka Bohemia, mafundi wa kazi hii, nguo zao zote zimeshonwa kwa mkono, na marehemu alipomkatalia mmoja wao kuingia kwa sababu ya kifungo kimoja tu, yule bwana alimtazama, akalitazama lango letu la maonyesho, akaligonga kwa kidole, likalia kama sanduku la machungwa, akasema, “Na hili la plaiwudi, mzee, nalo ulilikagua?”

Kweli lilikuwa plaiwudi, lenye bawaba za dukani na kijiti cha kuzugia mahali pa komeo, ambacho msaliti wa kila mwaka alikitoa kwa mkono mmoja huku wa pili akijikinga na mashalghamu, na sote tulikuwa tumetazama kijiti hicho kikitolewa kwa mkono mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini mpaka tukaona kwa macho yetu kwamba kuusaliti mji ni kazi ya mtu mmoja, na hakuna aliyejiuliza. Marehemu alikwenda moja kwa moja kwenye mnara wa lango lenyewe, ule wa mawe, ambapo milango ilikwisha kuoza tangu enzi za mababu lakini matundu ya komeo yamebaki kwenye kuta za pande mbili, akaingiza mkono kwenye tundu, mkono ukaenda mpaka bega, akaingiza mguu kwenye tundu la pili, ukaingia na kiatu, akabaki hapo amesimama kwa mguu mmoja akifikiri, na walioshuhudia walidhani amenasa wakaenda kuita zimamoto.

Alimwendea Dakta Ludmila Orzech, mtafiti wa makumbusho ya wilaya, na hawa wawili walishukiana vizuri tangu mwanzo, kwani yeye alidhani mama huyu ametumwa na Hipolit, na mama alimwambia wazi, “Bwana Pakosz, mtu anayetafuta ushahidi wa kumsafisha babu yake mimi namwogopa kuliko mwizi,” kisha akaongeza kwamba, kwa vyovyote vile, hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba Pakosz wa leo ni wazao wa Pakosz wa kinu, na marehemu akakasirika kuliko alivyokasirika na mashalghamu, akasema, “Hata babu si wangu? Sasa tumebeba mzigo wa nani miaka yote hii?”

Dakta alikubali kusaidia kwa masharti yake, kwamba watapima matundu pamoja na mnara utiwe milango mipya, kwamba mwaloni wa kuchonga komeo atauchagua Hipolit mwenyewe ili asije kusema kitu, na kwamba jaribio litafanywa hadharani siku ya mchezo, na Hipolit, aliyekuwa akihesabu tu jinsi wageni watakavyopenda lango jipya, alikubali, akachagua mti, akaupigapiga kwa mkono kama anavyopiga unga, akasema, “Huu hapa, saliti nao mpaka uchoke.”

Siku ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, joto la kuyeyusha lami, na marehemu aliomba kucheza msaliti bila kura, akajipaka unga, akashuka langoni peke yake, wakati nje Watawa wa Msalaba, Hipolit akiwa jemadari wao, wamepanga mstari ndani ya vyuma na sufu, na naibu mwalimu mkuu akitangaza kwa kipaza sauti kwamba sasa, ndugu watazamaji, msaliti ananyosha mkono wake mchafu. Msaliti alinyosha mikono yote miwili, akasukuma, akatia bega, lile bega nene, akatia mgongo, komeo halikutingishika, na naibu mwalimu mkuu akarudia kwamba msaliti ananyosha mkono wake, na akarudia tena, mpaka ikasikika sauti kutoka ndani ya kofia ya chuma upande wa pili, “Pakosz! Fungua basi, tunaiva humu!”

“Siwezi.”

“Acha mzaha, bwana, saliti kama mlivyozoea!”

“Halitoki, Hipolit. Njoo unisaidie.”

“Nitakujaje na mimi niko nje?”

Watu walicheka mpaka mtawa mmoja akazimia kwa joto, na kwa kuwa wageni walikuwa wamelipa na lango lazima lifunguke, walianza kuruka uzio mmoja mmoja kumsaidia, mwenye duka la dawa, kisha mpiga kinanda wa kanisa hili, kisha mtu wa posta, wakavuta pamoja na marehemu, komeo likasogea upana wa kidole likakwama, na wa tano, ukimhesabu marehemu, alikuwa Roch Maliszek, shemeji wa marehemu, ambaye wengi wanakubali kwamba bila yeye komeo lingekuwa pale hadi leo, na lilipotoka lilitoa mlio ambao mbwa waliusikia ng'ambo ya mto, kuanzia hapo mbwa wote wa wilaya wakabweka, na njiwa wa mnara wakaondoka, wengine hawajarudi.

Watawa waliingia lakini walisahau kupigana. Mtu wa posta alikuwa bado ameushika mwaloni, akawatazama wenzake mmoja mmoja, akauliza, “Sasa hawa wengine wanne walikuwa akina nani?” na mke wa mpiga kinanda akasema kutoka kwenye uzio, “Na mlinzi aliyekuwa juu ya mnara alikuwa kiziwi?”

Jumapili baada ya misa Hipolit alitaka jaribio lake mwenyewe, akasema Roch alikuwa akikandamiza chini wakati wengine wanavuta, akasema mwaloni umelowekwa maji, Dakta akamkumbusha nani aliuchagua, basi akavua koti, akalikumbatia komeo kama mkwe wake wa kwanza siku ya harusi, akawa mwekundu, akawa zambarau, mkanda wake wa suruali ukakatika, komeo likabaki. Na Dakta Ludmila, ambaye hakutaka kumfurahisha mtu, alisema mbele ya wote kwamba jaribio hili halithibitishi kwamba hapakuwa na usaliti, linaonyesha tu kwamba mtu mmoja hakuweza kuufanya peke yake wala kimya kimya, na kwamba katika kiangazi kile cha njaa yawezekana, na alilisisitiza neno hilo yawezekana, watu wa mji walikubaliana wenyewe kufungua, watoto wao wanakufa, kisha baadaye wakahitaji wa kumtupia lawama, na katika mwaka wa njaa nani achukiwe kama si msaga unga.

Mngetegemea marehemu asherehekee, lakini alirudi nyumbani, akakaa kitako jikoni, akamwambia Otylia, “Sasa ndiyo watatuchukia kweli, zamani tulifungua lango, sasa tumefungua vinywa vya watu,” na hakukosea, kwani mji huu ulishinda miaka miwili ukishukiana kama hakuna kesho, mwenye duka la dawa hakumsalimia mtu wa posta, wazee walianza kukumbuka ukoo gani ulipata mashamba baada ya 1414 na kwa nini, na kila alipotajwa msaliti watu walitazama viatu vyao. Kofia ya chuma ilipopitishwa tena hakuna aliyetaka kuchukua kura, hata Hipolit, na mchezo ungekufa kabisa kama marehemu asingesimama kwenye mkutano wa Agosti 2021, mtu ambaye mkutanoni alikuwa akiketi tu karibu na mlango, akasema, “Tufungue wote,” na tangu mwaka ule, kama mnavyojua, msaliti hachezwi tena, mji mzima unashuka langoni, wanawake, wanaume, wazee na vijana, wanalivuta komeo pamoja huku wanalia, na wageni wanalia nao, ingawa hawajui kwa nini.

Hata hivyo ufunguo haukuja. Mashalghamu yalikwisha, utani ulikwisha, watu walianza kumwita Bwana Walenty, na maua ya jirani bado yalimwagiliwa na mlevi.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2023, mwezi mmoja baada ya kustaafu, marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo, akampeleleza daktari wake kwa wiki tatu kabla ya kukubali kupimwa, na tarehe 28 Aprili akaambiwa ni saratani ya kongosho, akaomba apimwe tena na daktari mwingine ambaye hamfahamu wa kwanza, kisha na wa tatu ambaye hawafahamu hao wawili, na wote watatu walipokubaliana alisema, “Wamepatana,” akakubali matibabu. Alilazwa mara nne kati ya Mei na Septemba, akakagua mishono ya mashuka ya hospitali, na mwishoni mwa Oktoba akarudi nyumbani kwa hiari yake, kitanda chake kikawekwa chini sebuleni, mahali anapoweza kuona nani anaingia.

Siku ya Jumanne, tarehe 7 Novemba, baraza la mji lilikutana, na kesho yake, Jumatano, Hipolit Zaremba alikuja nyumbani na mfuko wa mkate, akakaa, akavua kofia, akatoa ndani ya mfuko ufunguo wa ngome, wa lango dogo la ngazi za mnara, ule mkubwa wa chuma wenye unga mpaka kwenye meno, ambao yeye mwenyewe ameutunza miaka ishirini na saba, akasema baraza limeamua kwamba kuanzia sasa mtunza lango wa Olszyniec ni Dobrawa Pakosz, na kwamba wazo lilikuwa lake yeye Hipolit, na kwamba magoti yake pia hayapendi tena ngazi zile.

Marehemu aliutazama ufunguo, akamtazama Hipolit kwa jicho lile. “Unataka nini?”

“Sitaki kitu, Walenty.”

“Hakuna mwokaji asiyetaka kitu.”

“Nimezeeka, bwana. Mchukulie mwanao ufunguo.”

“Kwa nini leo? Kwa nini si wakati naweza kusimama?” na Hipolit akaanza kukunjakunja mfuko wa mkate, na familia, kwa kweli, mpaka saa hii haijapata jibu hilo na bado inalingoja. Basi marehemu akamwita Dobrawa, akamwambia, “Nenda kaujaribu kwanza, usikute ni wa banda la kuku,” na Dobrawa akashuka kwenda ngomeni na buti zake za ng'ombe, wale wazee wawili wakabaki sebuleni pamoja na Roch, Otylia akawapa chai, hakuna aliyeinywa.

Dobrawa aliporudi baba yake hakumngoja avue koti.

“Ufunguo umeingia?”

“Umeingia, baba. Lango limefunguka.”

“Na umefunga?”

“Nimefunga.”

“Umelisukuma uone?”

“Nimelisukuma mara mbili. Limefungwa.”

Akamgeukia Hipolit, akanyanyua kidole kile alichopitishia mishono ya watu, akasema, “Wewe ni shahidi. Umesikia kwa masikio yako. Pakosz amefunga,” na Hipolit Zaremba, mbele ya Otylia, Roch na Ignacy aliyekuwa kwenye simu kutoka melini, akajibu, “Nimesikia, Bwana Walenty, amefunga.”

Marehemu alilala jioni hiyo ufunguo ukiwa kifuani, akafariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba, saa nane mchana, familia yake yote imemzunguka isipokuwa Ignacy aliyekuwa baharini, naye ameacha mjane mmoja, watoto wawili, wajukuu watatu, na wanafunzi wasiohesabika wanaosita kwenye taa ya kijani.

Familia inawashukuru madaktari wote watatu, na inakiri kwamba hawakupatana, walisema ukweli tu, inawashukuru wauguzi waliomfungulia dirisha kila alipoomba na kulifunga kila alipobadili mawazo, inamshukuru Dakta Ludmila Orzech ambaye hakumdanganya hata siku moja kumfurahisha, inawashukuru wenzake wa shule ya udereva, inawashukuru ndugu wa Chama cha Lango kwa kulibeba jeneza, na inawaomba walibebe bila kofia za chuma kwani mlango wa kanisa ni mfupi, inawashukuru majirani mlioleta keki kwa sababu mlimpenda, na pia ninyi mlioleta keki ili mwone ndani kwetu pakoje, mmeona, na keki zilikuwa nzuri. Hipolit Zaremba tunamshukuru kwa mkate wa leo, tumeuonja jana na mpaka sasa wote ni wazima. Baada ya mazishi mnakaribishwa kwenye ukumbi wa zimamoto kwa supu, na mwenye kutaka viazi atapata, kwa sababu aliyekuwa akivikataza hayupo.

Jirani yetu Bi Kunegunda, anayesafiri Ijumaa kwenda kwa dada yake, asubuhi hii kabla ya misa alisimama mbele ya nyumba ya marehemu, akampa Otylia ufunguo wa mlango wake mbele ya watu wanaopita, akasema maua yake ni saba na yale ya dirishani yanapenda maji kidogo, na Otylia akautia mfukoni bila kumuuliza anataka nini.

Basi tulia huko uliko, Walenty Pakosz, upumzishe hilo jicho, na uwe na amani.